Tepu Iliyozuia Mlango

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu

Mlango wa stoo ile una kasoro. Ukiuachia unajifunga wenyewe, na swichi ya taa iko upande wa nje. Mtu fulani, zamani, alitafuta kitu cha kuuzuia, akapata boksi bapa la karatasi ngumu lenye ukubwa wa sahani ndogo ya chakula, akaliweka kizingitini. Limekaa hapo mpaka pembe zake zimelainika.

Nilikaribia kulikanyaga, nikainama kuliokota. Ndani mlikuwa na tepu. Ubavuni paliandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu: MAHOJIANO. MSHAIRI. DK 29. Palikuwa na jina pia, lakini viatu vya wanaoingia na kutoka vilikuwa vimelifuta.

Mhariri wangu alikuwa amenituma nitafute jibu la swali moja. Mahojiano marefu ya redio, yale ya kukaa na mwandishi, msanii au kiongozi kwa nusu saa au saa nzima bila kukimbizwa, yamekwenda wapi? Nilidhani jibu ningelipata studio, kwa watangazaji. Nilianza kulipata pale sakafuni. Kituo chenyewe sikitaji, maana nimeona stoo za namna ile zaidi ya moja.

Aliyekuwa akinitembeza ni fundi mitambo, mzee aliyekwisha kustaafu, ambaye huitwa mara mojamoja mashine zinapogoma.

"Hiyo usiihangaikie, mwanangu," aliniambia. "Hatuna cha kuisomea."

"Mashine ilikufa, baba?"

"Ipo. Mkanda wake wa mpira umeoza, na hedi za kusomea zimeshika uchafu. Hakuna aliyeiulizia miaka yote hii."

Alilichukua boksi, akalipuliza vumbi, akalisogeza kwenye mwanga. Mwandiko aliutambua: ni wa mtangazaji aliyefanya naye kazi, ambaye sasa ni marehemu. Jina la mshairi halikumjia. Alichokumbuka ni kikohozi.

"Alikuwa mtu mzima, anakohoa kila baada ya sentensi mbili. Nikavikata vikohozi vyote kwa wembe, kipindi kikawa safi. Mtangazaji kuja kusikiliza, akaniambia: virudishe, bwana, huyu si mtu ninayemjua tena. Nikakesha nikiviunga."

Karibu shubiri moja

Kwa msomaji aliyekulia kwenye simu ya mkononi, inafaa kueleza kazi hiyo ya wembe. Tepu ya inchi 7 ina urefu wa futi 1,200. Ikizunguka kwa kasi ya inchi saba na nusu kwa sekunde, inabeba dakika 32. Kipindi cha nusu saa kinaenea humo, na nafasi kidogo inabaki ya kufungulia na kufungia.

Kwa kasi hiyo, sekunde moja ya ukimya ni kipande cha tepu pungufu kidogo ya shubiri. Fundi aliyetaka kuuondoa alitia alama kwa penseli, akakata, akaunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi. Kile kipande hakukitupa hapohapo. Mzee wangu alivining'iniza vipande shingoni mpaka kazi ikubaliwe, ili atakachoambiwa akirudishe kiwe karibu. Ndivyo alivyovipata vile vikohozi.

> Sekunde moja ya ukimya ilikuwa pungufu kidogo ya shubiri, na fundi aliuvaa shingoni mpaka kazi ikubaliwe.

Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko ufundi. Mtu aliyelazimika kuushika ukimya kwa vidole kabla ya kuutupa alikuwa na nafasi ya kujiuliza kama unafaa kutupwa. Mhojiwa akiulizwa habari za mama yake, akanyamaza sekunde sita, akasema "alikuwa mtu wa watu," msikilizaji aliyepewa zile sekunde sita ameambiwa mengi. Siku hizi programu ya kompyuta inaweza kuufuta ukimya wote wa saa nzima kwa kubonyeza mara moja, na wengi hufanya hivyo.

Marekani, mmoja wa waliodumu zaidi katika kazi hii alikuwa Studs Terkel wa Chicago. Alikuwa kwenye redio ya WFMT kuanzia 1952 hadi 1997. Alimhoji James Baldwin, Mahalia Jackson, Muhammad Ali, na Bob Dylan wa mwaka 1963 ambaye wengi walikuwa hawajamjua. Alipomhoji mwandishi aliingia studio na kitabu cha mgeni wake kimejaa mistari na maandishi ya pembeni, na mgeni aliona kwa macho yake kwamba amesomwa.

Mitambo ilimshinda maisha yake yote. Mahojiano yake na mcheza dansi Martha Graham yalipotea kabisa kwa sababu hiyo, na mwenyewe alikuwa akisimulia hasara hiyo waziwazi. Hata hivyo vilibaki vipindi takribani 5,600. Terkel alifariki mwaka 2008, na mwaka 2018 hazina hiyo ilifunguliwa kwa umma, ikiletwa na redio yake pamoja na jumba la historia la Chicago. Leo mwanafunzi wa Morogoro mwenye bando anaweza kumsikia Baldwin akifikiri kwa sauti.

Mwanafunzi huyohuyo akitaka kumsikia mwandishi wa Afrika Mashariki wa miaka ileile akifikiri kwa sauti, safari yake ni ndefu zaidi.

Nkosi, Serumaga na ofisi ya London

Sauti za baadhi ya waandishi hao zipo, maana zilirekodiwa na watu walioijua kazi.

Mwaka 1962, Uganda ikijiandaa kwa uhuru wake wa Oktoba, ilifunguliwa London ofisi iliyoitwa Transcription Centre. Mkurugenzi wake alikuwa Mwingereza, Dennis Duerden, aliyewahi kufanya kazi Nigeria na katika BBC. Ofisi hiyo ilirekodi mazungumzo na waandishi, wachoraji na wanamuziki wa Afrika, ikayatengeneza kuwa vipindi na kuvisambaza kwa vituo vya redio vya bara hili. Kimojawapo kiliitwa Africa Abroad.

Ninachokithamini zaidi katika kazi ile ni wale waliokaa upande wa kuuliza. Lewis Nkosi alikuwa mwandishi wa Afrika Kusini aliyetoka kwao kwa kibali cha kuondoka bila kurudi. Robert Serumaga alikuwa Mganda aliyekuja kuandika riwaya ya Return to the Shadows na kuongoza kikundi cha tamthilia, na mwaka 1979, baada ya Idi Amin kuangushwa, akawa waziri. Hawa walikuwa waandishi wakiwauliza waandishi wenzao. Swali la Mwafrika ni mtu wa namna gani halikuwa na nafasi pale. Waliulizana sentensi imejengwaje, na kwa nini mhusika fulani anakufa katika sura ya mwisho.

Mshairi Christopher Okigbo wa Nigeria alihojiwa mara tatu ndani ya miaka minne: na Nkosi mwaka 1962, na Duerden mwenyewe mwaka 1963, na Serumaga mwaka 1965. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani, akipigana upande wa Biafra. Kanda hizo ni miongoni mwa vitu vichache vinavyobeba sauti yake.

Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye jina lake wakati huo lilikuwa James Ngugi, alihojiwa mwaka 1964 na Aminu Abdullahi. Huo ni mwaka uliotoka Weep Not, Child. Na Februari 1967 Serumaga alikaa na Mganda mwenzake Okot p'Bitek, miezi michache baada ya Song of Lawino kuchapishwa. Sisi wasomaji wa Kiswahili Lawino alitufikia mwaka 1975 kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, naye Sozigwa alikuwa mtu wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Utenzi wa Kiacholi ulivuka hadi Kiswahili kwa mkono wa mtu wa redio, na sishangai. Aliyezoea kuandika kitakachosomwa hewani huyajaribu maneno kinywani kabla ya kuyaweka kwenye karatasi.

Mwaka 1972 Heinemann ilichapisha sehemu ya mahojiano hayo katika kitabu, African Writers Talking, kilichohaririwa na Duerden na Cosmo Pieterse. Nimekipitia mara nyingi, na kila mara najikuta nikibahatisha pale mhojiwa alipoweka pumzi. Lafudhi haimo, wala kusita kwake.

Fedha zilitoka Washington

Ugomvi wa kwanza unaozizunguka kanda hizi unahusu fedha.

Transcription Centre ilipata fedha zake kwa kiasi kikubwa kutoka Congress for Cultural Freedom, taasisi ya Paris iliyojitangaza kuwa mtetezi wa uhuru wa mawazo. Mwaka 1966 gazeti la New York Times liliandika kwamba nyuma ya taasisi hiyo lilisimama shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na mwaka uliofuata ikathibitika. Mfuko huohuo ulikuwa umesaidia klabu ya Mbari huko Ibadan, jarida la Transition la Kampala lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, kituo cha Chemchemi cha Nairobi kilichoongozwa na Ezekiel Mphahlele, na mkutano maarufu wa waandishi uliofanyika Makerere Juni 1962.

Walioumia ni waandishi wenyewe. Wole Soyinka ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake uchungu wa kugundua alikuwa akila mezani kwa nani. Mphahlele alijitetea hadharani katika Transition: hakuna aliyewahi kumwambia la kusema, na kazi waliyoifanya Waafrika kwa fedha zile ilikuwa kazi ya Waafrika. Neogy alikamatwa na serikali ya Milton Obote mwaka 1968, kwa sababu ya yaliyoandikwa katika jarida lake.

Nimezungumza na wasomi vijana wanaosema kanda hizo zisikilizwe kama ushahidi wa vita baridi, si zaidi. Nawaelewa, kwa kuwa anayelipia kipaza sauti huwa na neno katika nani aletwe mbele yake. Lakini siwezi kwenda nao hadi mwisho. Sidhani Okigbo alijua fedha zimetoka wapi alipohojiwa, wala Nkosi, na maswali ya Nkosi yalitoka katika kichwa cha Nkosi. Kuwazimia sauti leo kwa kosa la mlipaji ni kuwaadhibu waliodanganywa.

Ninapokubaliana na wasomi hao ni kuhusu wale ambao hawakuletwa mbele ya kipaza sauti.

Aliyefariki mwezi uleule

Mkutano wa Makerere ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuwepo, Soyinka, Okigbo, na Grace Ogot wa Kenya ambaye alikwisha kufanya kazi ya redio BBC. Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho, na muswada wake aliupeleka kwa Achebe palepale.

Mwezi uleule, Juni 1962, nchi ya jirani, Shaaban Robert alifariki dunia.

> Makerere walikuwa wakijadili fasihi ya Afrika ni ipi. Nchi ya jirani, Shaaban Robert alikuwa katika siku zake za mwisho.

Alikuwa ameandika Kusadikika, Maisha Yangu, wasifu wa Siti binti Saad, mashairi na insha. Kwa kipimo cha Makerere hakustahili kualikwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe alilikumbusha jambo hilo mwaka 1986 katika Decolonising the Mind, na mpaka alipofariki Mei 2025 hakuacha kulirudia.

Kila nikizipanga tarehe hizo mbili pamoja, moyo unauma. Zilikuwepo fedha, wahojaji hodari na tepu tele, na vyote vilikuwa safari ya siku chache tu kutoka Tanga kwa Shaaban. Siti mwenyewe, aliyefariki mwaka 1950, alituachia santuri alizorekodi Bombay kuanzia 1928, hivyo uimbaji wake tunao. Maisha yake tunayo kwa kalamu ya Shaaban. Fikiria kama mtu angewaketisha wote wawili, Shaaban akiuliza na Siti akijibu, na mashine ikizunguka.

Idhaa zilikuwepo, tepu zilitumika tena

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakikuwa hewani. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, Deutsche Welle mwaka 1963. Dar es Salaam ilikuwa na kituo chake tangu 1951, nacho mwaka 1965 kikapata jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Zanzibar ilikuwa na Sauti ya Unguja. Malenga waliitwa studio, na waimbaji wa taarabu na viongozi wa bendi waliulizwa habari za maisha yao.

Abdilatif Abdalla ni mfano ninaoupenda. Alifungwa Kenya kwa kuandika Kenya: Twendapi? na akatoka gerezani mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka uliofuata kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kuanzia 1979 hadi 1986 alikuwa mtangazaji wa idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mshairi aliyetungia gerezani, ambako hata karatasi ilikuwa taabu kuipata, sasa alikuwa na studio nzima mbele yake. Ukimpa mtu kama huyo mgeni wa kumhoji, maswali yatakuwa ya mtu aliyelipia maneno yake.

Lakini kurusha hewani ni jambo moja na kutunza ni jingine. Tepu ilikuwa ghali, iliagizwa kwa fedha za kigeni, na kwenye kituo chenye bajeti finyu kipindi kilichokwisha kurushwa kilikuwa akiba ya kurekodia kingine. Mzee wangu alifuta mengi kwa mikono yake, kwa maagizo. Hata matajiri walifanya hivyo: BBC ilianza kipindi cha Desert Island Discs mwaka 1942, na sehemu kubwa ya vipindi vya mwanzo haipo tena.

Kwa hiyo ile tepu ya mlangoni ina bahati mara mbili: haikufutwa, wala haikutupwa.

Muda wa tepu unakwisha

Tepu ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Plastiki ya zamani ya asetati huoza na kutoa harufu ya siki. Gundi ya tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu na kunata, na ukiilazimisha kuzunguka inauacha unga wake kwenye hedi, sauti ikibanduka nao. Mafundi wa maktaba za sauti huzioka tepu hizo kwa joto la nyuzi 50 na kidogo kwa saa kadhaa, kisha huwa na muda mfupi wa kuzicheza mara moja na kuzihamishia kwenye kompyuta. Dar, Mombasa na Unguja, unyevu ndio hewa tunayovuta.

Tatizo kubwa zaidi ni mashine. Vipuri havitengenezwi kama zamani na mafundi wanaozijua wanazeeka. UNESCO pamoja na wataalamu wa maktaba za sauti waliendesha kampeni ya tahadhari kuanzia 2019, na mwaka waliokuwa wakiutaja kuwa ukomo kwa tepu nyingi ni 2025. Mwaka huo umeshatupita.

Hapa kuna mvutano mwingine. Kanda za Transcription Centre ziko katika Maktaba ya Uingereza, London, na karatasi za ofisi hiyo ziko Harry Ransom Center katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Wapo wanaosema zibaki huko zilikotunzwa vizuri, maana zingekuwa huku zingekuwa zinazuia milango. Nikiwa nimetoka stoo ile, siwezi kuwaambia wanasema uongo.

Lakini Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi, na huduma nyingi za mtandaoni, zikiwemo za kusikiliza sauti, zilizimika kwa miezi. Kumbe hata nyumba yenye ukuta mnene inaweza kufungwa siku moja. Nakala ikipelekwa Makerere, Nairobi, Ibadan na Dar es Salaam, London haitapungukiwa sekunde hata moja. Mwanafunzi wa Gulu anayeandika tasnifu juu ya Okot hapaswi kuomba viza ili asikie Waganda wawili wakizungumza.

Saa nzima, nani atalipa?

Nilirudi studio kuwauliza wanaotengeneza vipindi leo.

Meneja mmoja wa vipindi alinionyesha ratiba yake. Tangu redio binafsi ziliporuhusiwa miaka ya 1990, alisema, msikilizaji ana vituo kumi kwenye kidole kimoja. Mgeni anapewa dakika saba, wimbo, tangazo, dakika saba nyingine. Msanii anakuja kuutangaza wimbo mpya, na anayemhoji anataka neno moja litakalosambaa jioni ile. "Mdhamini hanunui mawazo, ananunua masikio," aliniambia, na hakusema kwa ubaya. Ana mishahara ya kulipa.

Mtangazaji mkongwe aliyekuwa ameketi naye hakukubali. "Mimi nilikuwa nasoma kitabu cha mgeni usiku mbili kabla hajaja. Kijana sasa anasoma jalada akiwa kwenye lifti. Masikio hayajakimbia mazungumzo marefu, kaka, yamekimbia maswali mabovu."

Nipo upande wa mkongwe, na sababu iko mikononi mwa vijana wenyewe. Podikasti za Kiswahili za saa nzima, hata zaidi, zinasikilizwa kwenye daladala na jikoni. Watu wamezoea baraza tangu zamani: humkaribishi mtu ukamuuliza la moyoni kabla hajaketi. Kwetu mazungumzo huanza na shikamoo, habari za nyumbani, za safari, za wagonjwa, na mtu akishajiona yuko nyumbani ndipo husema. Dakika saba zinaishia kwenye habari za safari.

Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel Oktoba 2021, vyombo vyetu vilimtafuta usiku na mchana. Maswali mengi niliyoyasikia yalihusu yeye ni wa wapi, Zanzibar au Uingereza. Machache yalihusu Yusuf wa riwaya ya Paradise. Sehemu ya lawama si ya watangazaji, maana kitabu hicho kilipata Kiswahili chake, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022 tu. Huwezi kumuuliza mtu juu ya bustani ambayo hujapata kuiingia.

Na sauti ni mali ya nani?

Swali hili liliwafanya wote niliozungumza nao wapunguze sauti. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wanamuziki wanaifahamu kwa ajili ya nyimbo zao. Kuhusu mazungumzo, mambo hufanyika kwa mazoea. Mtu aliitwa redioni, akapewa soda na nauli, akazungumza, akaenda zake. Hakutia saini popote.

Leo kituo kikiiweka sauti yake mtandaoni na matangazo yakaingiza fedha, watoto wake wana haki ya kuuliza. Nimesikia familia ikisema bora tepu ioze kuliko wengine wafaidike na marehemu. Nimesikia pia wakubwa wa vituo wakisema hawatahangaika kuzihamisha tepu ambazo kesho zitawapeleka mahakamani. Kila upande unaogopa mwenzake, na katikati yao gundi inazidi kunata.

Naona mpangilio wa kufuatwa haupaswi kuwa mgumu. Kwanza sauti iokolewe, kwa kuwa haki juu ya tepu iliyooza haimfai yeyote. Kisha familia zitafutwe, zipewe nakala yao bila kulipa, na ndipo watu waketi kuzungumzia fedha. Nakala kwa familia ni jambo dogo sana. Niliwahi kumwona mama mmoja akisikiliza dakika tatu za sauti ya baba yake aliyefariki akiwa yeye ana miaka minne. Alipomaliza hakuuliza habari za hakimiliki. Aliomba irudiwe, akamwita mwanawe aje asikie babu anavyocheka.

Jumatatu

Kabla ya kuondoka nilimuuliza mzee wangu ingegharimu nini kuisikia tepu ile moja tu.

Aliniongoza hadi kona ya chumba cha mitambo, akafunua turubai. Mashine ilikuwa pale, nzito, ya kijivu. Alizungusha gurudumu kwa kidole, likazunguka. Mkanda wa mpira anaweza kuupata kwa fundi wa cherehani, alisema, wa saizi inayokaribiana. Hedi zinataka spiriti na pamba, na mkono usiotetemeka. Kuna waya wa kuunganisha na kompyuta, huo kijana mmoja wa studio anao. Tepu ikinata, hatailazimisha.

"Na tukiisikia, jina tutalijua?"

"Mtangazaji yule alikuwa hafungui kipindi bila kumtaja mgeni wake na baba yake na mji aliozaliwa. Litakuwepo pale mwanzoni, kabla ya kikohozi cha kwanza."

Alichukua kipande cha mbao, akakiweka kizingitini mahali pa boksi. Tepu akaiweka kwenye rafu ya juu, mbali na dirisha. Spiriti ninaileta mimi, Jumatatu saa tatu asubuhi.